Ukikosa maneno ya kuomba, azima

Kanisani kwetu, na nadhani katika makanisa mengi ya Kampala, anayesifiwa kwa kuomba ni yule anayefungua kinywa maneno yakamiminika. Hashiki kitabu, hasiti, na sauti inapanda mpaka spika zinalia. Sina ugomvi naye. Kwenye kesha la Ijumaa mtu kama huyo huwaamsha hata waliokwisha kusinzia. Lakini nimeuguza na nimezika, na nikiulizwa na mtu anayetafuta faraja aanzie wapi, ninalo la kumwambia. Siku ya maumivu makali maneno yako hukauka. Ukishikilia kwamba sala lazima uitunge wewe mwenyewe, utaacha kuomba kabisa. Chukua sala zilizokwisha kuandikwa. Azima za waliotangulia, wenyewe hawadai.

Mama yangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi, tukawa watu wa Mulago, kwenye Taasisi ya Saratani, pamoja na wenzetu waliotoka Gulu, Mbale na hata ng'ambo ya mpaka. Sisi tumekulia kambi ya polisi. Baba ni Mlugbara, mama Mteso, kwa hiyo lugha ya nyumba ilikuwa Kiswahili, na Biblia ya mama ilikuwa ya Kiswahili, yenye jalada jeusi lililochakaa pembeni. (Mpaka leo nikisikia Zaburi kwa Kiingereza naona kama anasomewa mtu mwingine.) Pale kwenye foleni nilikuwa naanza, "Baba, tunakushukuru kwa siku hii," halafu nakwama, kwa sababu ile siku sikuona cha kushukuru. Mama, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema, "Soma tu, mwanangu. Yameandikwa."

Basi nikawa nasoma.

Wapo watakaosema sala ya kusoma haina Roho. Mimi huwajibu kwa msalaba. Yesu alipokuwa katika maumivu makubwa kuliko yote, hakutunga kitu kipya. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha" ni mstari wa kwanza wa Zaburi 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" umo katika Zaburi 31, yeye akatanguliza tu neno "Baba". Alizikuta sala hizo zimeandikwa, bila shaka alizijua tangu utotoni, na saa ile zikamjia. Kama Mwana wa Mungu aliomba kwa maneno ya Daudi, mimi wa mtaa wa Nsambya ni nani nione haya kufungua kitabu?

Tena nchi hii yenyewe ilianza imani hivyo hivyo. Alexander Mackay alipofika Buganda mwaka 1878, maandiko ya Kiganda hayakuwepo. Watu wa kasri la Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, walisomewa Injili kwa Kiswahili, lugha iliyokuwa imefika na wafanyabiashara wa pwani, na Biblia nzima ya Kiganda ikaja kukamilika mwaka 1896. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1886, ndipo vijana Wakristo walipochomwa moto kule Namugongo kwa ajili ya imani yao. Waliokufa pale walikuwa Wakristo wa muda mfupi mno, wengine walikuwa wamebatizwa punde tu. Walishikilia sala walizofundishwa. Kila mwaka wiki ya tarehe 3 Juni, siku ya kuwakumbuka, inapokaribia, ukikutana na mahujaji wanaokuja kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Congo, wasikilize wanavyosali njiani: rozari, Baba Yetu, litania. Nyayo zimevimba, na mdomo unaendelea kwa sababu haulazimiki kubuni kitu. Mimi ni Mwanglikana lakini katika hili Wakatoliki wametuzidi.

Sasa namna ya kufanya. Ninapendelea Zaburi kwa sababu ziko 150 na hakuna hali ya binadamu iliyosahauliwa humo. Kitabu cha Sala cha Kianglikana kimezigawa kwa mwezi, asubuhi na jioni, na kwa wastani zinatoka tano kwa siku. Mtu mzima wa afya ataweza. Mwenye huzuni asijaribu. Moja inatosha, na kama ni ndefu, mistari sita inatosha. Zaburi 131 ina mistari mitatu tu na inatuliza moyo kuliko mahubiri mengi niliyowahi kukaa chini kuyasikiliza. Soma kwa sauti, hata kama ni ya kunong'ona, maana macho peke yake hukimbia. Ukifika kwenye mstari unaokushika, simama hapo. Usimalize sura kwa ajili ya kumaliza. Urudie ule mstari ukiwa unachota maji, ukiwa kwenye takisi umebanwa kati ya mabegi ya watu, ukiwa unamenya matooke. Huko ndiko kutafakari, hakuhitaji chumba maalumu wala muziki wa kinanda.

Watu hunitajia Zaburi 91 na 23. Ni nzuri, na 91 naiona imebandikwa milangoni na kwenye bodaboda kila mtaa. Ila aliyefiwa asilazimishwe kuanza nazo. Mwambie mtu ambaye mtoto wake amezikwa juzi kwamba elfu wataanguka ubavuni pake naye hatakaribiwa, uone atakavyokutazama. Aanze na 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Asome 6, ya yule aliyelowesha godoro kwa machozi. Asome 42, 130. Na kama hali ni mbaya kabisa asome 88, ambayo wahubiri wengi huiruka. Zaburi nyingi za kilio hufika mahali zikageuka kuwa sifa. Hii haigeuki. Inaanza na kilio, inaishia gizani, na hakuna mtu aliyethubutu kuiondoa kwenye Biblia wala kuibandika mwisho mtamu. Mama aliipenda. Nilipomaliza kumsomea mara ya kwanza alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu aliugua kweli."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ilimfariji zaburi isiyo na faraja ndani yake. Nadhani ni kwa sababu wageni wote waliokuja walimtaka awe na nguvu. "Mama, sema umepona!" Yeye akaitikia kwa adabu. Kwenye Zaburi 88 peke yake hakuna aliyemdai chochote.

Hasira nayo iombewe, isifichwe. Wakati wa kuuguza nilikuwa na hasira na ndugu fulani walioonekana siku ya kugawa vitu na hawakuwahi kuonekana siku ya kukesha. Zipo zaburi za hasira, 109 kwa mfano, na ni kali. Mweleze Mungu kwa maneno hayo badala ya kuyamalizia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Msamaha huja baadaye, na usiulazimishe uje siku hiyo hiyo. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbia nchi mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Amin. Alieleza baadaye kwamba chuki ilikuwa inamkausha moyo, mpaka akiwa London, Ijumaa Kuu, ibada ikitafakari "Baba, uwasamehe", akaona kwamba naye lazima amsamehe Amin. Askofu mzima, mlokole wa miaka mingi, na bado yaliyomfungua ni maneno ya mwingine.

Kuhusu saa ya kuomba, wengi watakuambia amka saa kumi alfajiri. Ukiweza, sawa. Mwenye mgonjwa ndani hawezi, usiku wake umekatwa vipande. Ninachoshauri ni kuifunga sala kwenye kitu ambacho tayari hakikosi kufanyika kila siku. Kwetu kilikuwa dawa. Wauguzi wa Hospice Africa Uganda, shirika lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993 na lenye makao Makindye, walimletea mama mofini, dawa kali ya maumivu, ile ya maji ya kunywa. Dawa hii hutengenezwa hapa hapa nchini kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, mgonjwa haitozwi pesa, na tangu 2004 sheria inaruhusu wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuiandika bila kumsubiri daktari. Inanywewa kila baada ya saa nne, kwa ratiba, bila kungoja maumivu yarudi. Basi saa kumi na mbili asubuhi dawa na zaburi. Saa nne dawa na Baba Yetu. Saa nane vivyo hivyo, mpaka ile ya saa nne usiku, na hiyo tuliipa Zaburi 4, yenye mstari wa kujilaza kwa amani. Asiye na mgonjwa atafute kitu chake: chai ya asubuhi, kufungua duka, kufunga geti.

Na hapa niseme wazi, kwa sababu najua mitaa yetu. Kabla ya ile mofini mama hakuweza kusikiliza aya tatu. Maumivu yalimeza kila kitu, hata jina la Yesu likawa kelele masikioni pake. Alipopata dawa akaweza kuomba. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba kidonge ni kukosa imani, namjibu kwamba kwetu dawa ndiyo iliyotufungulia Biblia. Mfalme Hezekia aliomba akalia, Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Vyote viwili, kwa mgonjwa mmoja, katika sura moja. Mchungaji anayekuambia utupe vidonge vya ukimwi, vya presha au vya kifafa kwa sababu amekuombea, mkimbie. Usibishane naye, ondoka tu, na chupa yake ya mafuta usinunue.

Mama hakupona, nasema hivi ili msomaji asije akadhani namuuzia ushuhuda wa muujiza. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba utoke, na jibu likawa, "Neema yangu yakutosha." Baada ya mazishi nyumba ilijaa, kisha ikaisha watu, na ndipo kazi ngumu ilipoanza. Kwa kipindi fulani nilisoma zaburi bila kuhisi lolote, kama mtu anayesoma bei za soko. Niliendelea kusoma. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Nililichukua neno hilo kama lilivyo: zamu yangu ilikuwa kusoma, mengine si yangu.

Jioni nilijifunza jambo dogo, ambalo Mtakatifu Ignasi wa Loyola aliwafundisha wenzake karne ya 16 na bado Wajesuiti, watawa wa shirika lake, wanalifanya. Unaipitia siku yako mbele za Mungu: wapi ulipata nguvu, wapi ziliisha. Dakika chache. Mimi huandika maneno mawili matatu kwenye daftari la mahesabu ya duka, pembeni ya deni la sukari. Ukiyasoma baada ya wiki chache utaona mambo ambayo huzuni haikukuonyesha wakati ule, kwa mfano kwamba kila ulipoonana na jirani fulani ulilala vizuri.

Utaona pia kama haulali kabisa. Huzuni ya msiba hupungua na kuongezeka kama mvua za Kampala, ina siku zake. Lakini kama wiki zinapita hakuna usingizi, chakula hakishuki, kazi imekushinda, au unajikuta unapanga namna ya kufa, mwambie mtu leo na uende hospitali. Hapa jina la Butabika limekuwa tusi la kuchekeana, na kwa ajili ya utani huo watu wanateseka majumbani. Ni hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili, ina madaktari na dawa, na Zaburi zako unaingia nazo, hakuna anayekunyang'anya getini.

Nimalizie na wanaokwenda kuwaombea wagonjwa, maana ndugu zangu walokole tuna tatizo hapo. Wodini wamo wagonjwa wengine, usipaze sauti. Muulize mgonjwa kama anataka sala, na akikataa, usikasirike. Akikubali, keti chini, usisimame juu yake kama hakimu. Zaburi moja fupi, Baba Yetu ambayo anaweza kuitikia hata kwa midomo tu, basi. Usimuulize ana dhambi gani. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba na usiku saba bila kusema neno, na hilo ndilo jambo la maana walilofanya, waliharibu walipoanza kuhubiri. Nenda na uji kwenye chupa ya chai au nauli ya bodaboda. Na yule dada anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayeuguza, huwa hakuna anayemwombea. Muulize jina lake, umshikie zamu akaoge.