"Tuwe na mtu wetu ndani": maswali yenu kuhusu bodi na tume za jiji

SWALI: Dada, hujambo? Ninaishi kusini mwa California, ni dereva wa lori, nina grini kadi, na mwaka jana mimi na mke wangu tulijaliwa kununua nyumba ndogo. Kanisa letu la Waswahili limekuwa likisali kwenye ukumbi wa kukodi. Sasa tumepata jengo lililokuwa ghala, lakini jiji linadai kibali cha matumizi, na linataka maegesho mengi kuliko tuliyo nayo. Wanaoamua ni tume ya mipango. Nimesikia nafasi moja kwenye tume hiyo iko wazi na wanatafuta mtu wa kujitolea. Wazee wa kanisa wamenisihi niombe ili tuwe na mtu wetu ndani. Je, asiye raia anaruhusiwa? Kiingereza changu si cha mwanasheria. Na kuna malipo?

JIBU: Sijambo, kaka yangu. Nianze na uraia, ndilo jepesi. Unaruhusiwa. Tangu sheria ya SB 225 ya mwaka 2019, mkazi yeyote wa California aliyetimiza miaka 18 anaweza kuteuliwa kwenye bodi au tume, awe raia au asiwe. Ila miji mingine ina katiba zake, na baadhi ya katiba hizo zinataka mjumbe awe mpiga kura aliyejiandikisha. San Francisco ililazimika kuitisha kura mwezi Novemba 2020 ili kuliondoa sharti hilo. Kwa hiyo mpigie simu karani wa jiji lako umuulize mapema. Na ukiichukua fomu, isome polepole, maana nyingi zina kisanduku kinachouliza kama wewe ni mpiga kura. Usitie tiki kwa mazoea, maana ni kama kusema wewe ni raia. Kudai uraia usio nao kunaweza kumfukuzisha mtu Marekani hata akiwa na grini kadi, na watu wa uhamiaji hawana utani na jambo hilo.

Sasa la wazee. Waambie, kwa heshima zao zote, kwamba mpango wao hausimami.

Tume hazifanani. Tume ya bustani, bodi ya maktaba, tume ya sanaa, kazi yao kubwa ni kushauri, na baraza la jiji likitaka linaupokea ushauri, lisipotaka linaufungia kabatini. Tume ya mipango inapoamua kibali inakaa kama hakimu: inasikiliza pande zote, inapima ushahidi, inaandika sababu za uamuzi wake. Mjumbe anayeingia na hukumu yake mfukoni anaweza kusababisha uamuzi wote utenguliwe mahakamani. Jirani asiyeyapenda magari yenu ya Jumapili akigundua kwamba uliteuliwa uwe "mtu wetu", mtakuwa mmempa hoja nzuri kuliko zote alizokuwa nazo.

Kuna na Fomu 700, ya kutangaza maslahi ya kifedha. Kila mjumbe wa tume ya mipango California huijaza, akitaja vyanzo vya mapato yake kuanzia dola 500, zawadi, na mali isiyohamishika, na mtu yeyote akiiomba anapewa aisome. Kama kanisa linakulipa posho ya kupiga kinanda na imefika kiasi hicho kwa mwaka, basi siku ya kibali chenu utatangaza hadharani kwa nini unajitoa, utanyanyuka, utatoka ukumbini, na wazee watabaki wanakutazama ukifunga mlango. Nyumba yako mpya nayo ina mambo yake: mradi ukiwa ndani ya futi 500 kutoka kwenye kiwanja chako, kwa kawaida hupigi kura.

Kanisa lenu lina nguvu zaidi likiwa upande wa pili wa meza. Nimekaa miaka mingi kwenye tume ya bustani ya mji mdogo, na nakuhakikishia kwamba wajumbe huwasikiliza sana watu wanaokuja wamejiandaa. Wasemaji wengi hawajajiandaa. Unajaza kadi ya kuomba kusema, unaitwa, unasimama mbele ya kipaza sauti chenye taa tatu. Ya kijani ikiwaka umeanza, ya njano inakuhimiza umalizie, nyekundu basi. Mara nyingi ni dakika tatu, na nimeshuhudia watu wakizimaliza zote kwa salamu na shukrani. Msipange waumini ishirini waseme jambo lilelile. Mmoja aseme saa za ibada. Mwingine alete barua ya biashara ya jirani isiyofunguliwa Jumapili, inayokubali mtumie maegesho yake. Makubaliano ya namna hiyo ndiyo yanayotatua kesi kama yenu.

Kabla ya hapo, mwoneni afisa mipangomiji anayeshika faili lenu. Taarifa yake ndiyo wajumbe wanayokuja nayo mkononi, na ikishaandikwa kuibadilisha ni kazi. Kama jengo liko ndani ya nusu maili kutoka kituo kikubwa cha usafiri wa umma, mwulizeni kuhusu AB 2097, sheria ya mwaka 2022 iliyozuia miji kulazimisha idadi ya maegesho katika maeneo hayo. Mwanasheria naye atawaeleza RLUIPA, sheria ya shirikisho ya mwaka 2000 inayozilinda nyumba za ibada dhidi ya masharti ya ardhi yanayozielemea bila sababu nzito. Na tume ikiwakatalia, kwa kawaida mnaweza kukata rufaa kwa baraza la jiji.

Baada ya hayo yote, ukiwa bado unatamani kutumikia, nitafurahi. Tafuta orodha ya nafasi: sheria ya Maddy ya mwaka 1975 inazitaka serikali za mitaa California kuitoa kila mwaka ifikapo tarehe 31 Desemba, ikionyesha mihula inayokwisha mwaka unaofuata na sifa zinazotakiwa. Kisha nenda ukakae nyuma kwenye vikao vya tume mbili tatu. Ile ambayo makabrasha yake ungeyasoma hata bila kulazimishwa, omba hiyo. Wengi wanakimbilia mipango kwa sababu ina heshima, halafu wanasinzia kwenye ukurasa wa tatu.

Kiingereza kisikutishe. Mjumbe aliyenifunza kazi hii alikuwa na lafudhi nzito na alisema kidogo kuliko sisi sote. Siku moja tulikuwa tunajadili taa za uwanja wa mpira. Tulibishana kuhusu gharama mpaka tukachoka, yeye akafungua kiambatisho cha mwisho akauliza, "Nani atazizima?" Kimya. Hakuna mtumishi wa jiji aliyekuwa na jibu. Hoja ikaahirishwa, na iliporudi ilikuwa na swichi ya saa, na majirani waliokuja na hasira wakaondoka wakisalimiana.

Malipo? Tume nyingi hazilipi kitu, chache zinatoa posho ndogo ya kikao. Usiache zamu ya lori.

SWALI: Nimeteuliwa kwenye bodi ya maktaba ya mji wetu hapa California. Tuko watano. Wenzangu wameunda kundi la WhatsApp ili "tukubaliane mapema" vikao visichukue muda. Nijiunge?

JIBU: Usijiunge, mdogo wangu, na waambie wenzako walifunge. Sheria ya Brown ya mwaka 1953 inataka mambo ya bodi yajadiliwe kwenye kikao cha wazi, na ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. Watatu kati ya watano ni wengi wenu. Mkijadili hoja ya bodi kwenye simu, mmefanya kikao cha siri. Kupitishiana maneno nako kunahesabika, yaani wewe umwambie wa pili, wa pili amwambie wa tatu. Sheria iliyoanza kutumika 2021 ilifika hadi kumkataza mjumbe kuweka hata alama ya "like" kwenye chapisho la mjumbe mwenzake Facebook kama linahusu kazi za bodi.

Wala usijifariji kwamba simu ni yako. Mahakama ya Juu kabisa ya California iliamua mwaka 2017, katika kesi iliyohusu jiji la San Jose, kwamba ujumbe wa kazi ya umma ulioko kwenye simu binafsi unaweza kuombwa na mwananchi kama rekodi nyingine yoyote ya serikali. Ukichelewa kikao, mtumie ujumbe katibu wa bodi peke yake. Ukiwa na hoja, mwombe huyohuyo aiingize kwenye ajenda, na afanye hivyo kabla haijabandikwa.