Daktari, mkaa ukishakolea una ubaya gani ndani ya hema?

SWALI: Daktari mwanangu, nina kihamba, shamba la nyumbani, huku Marangu, mwendo mfupi chini ya geti la mlima Kilimanjaro. Tangu mwaka jana vijana wanaokuja kupanda mlima huniomba wapige hema kwenye majani nyuma ya migomba. Wananiachia chochote, nami nawapikia. Mwezi wa saba baridi ni kali, kwa hiyo usiku nawapa jiko la mkaa waingize hemani. Sitoi jiko lenye moshi. Nangoja mkaa ukolee wote uwe mwekundu, halafu naweka na sufuria ya maji pembeni ivute hewa mbaya. Wiki iliyopita vijana wawili waliamka wanaumwa kichwa, mmoja akatapika. Muongozaji wao akasema ni mlima huo. Akawapima oksijeni kidoleni, ikaonyesha asilimia 96, akawapa Diamox, dawa ya ugonjwa wa mlima, wakaondoka kwenda getini. Mimi moyo haujatulia. Je, hema si lina hewa kuliko nyumba? Na je, nahitaji kibali kuwalaza watu shambani kwangu?
Mama mwenye kihamba, Marangu

JIBU: Mama, shikamoo. Moyo wako umeona kitu ambacho kile kifaa cha kidoleni hakikukiona. Kwa jinsi ulivyoeleza, wale vijana waliugua jiko lako. Mlima walikuwa hawajaufikia.

Suala la kibali anzia ofisi ya kijiji, watakuelekeza halmashauri. Mimi nina haraka na jiko, kwa sababu kihamba kiko nje ya mpaka wa hifadhi. Kule juu mkaa na kuni haviruhusiwi na askari wanakagua kambi. Kwako mkaguzi ni wewe peke yako.

Nakiri naandika nikiwa nimechoka. Kila msimu wa baridi naletewa watu waliolala na jiko, na anayewaleta hunipa maneno yale yale, tena kwa kiapo: "Lakini daktari, mkaa ulikuwa umekolea!" Ananiambia kama mtu anayejitetea mahakamani. Nimeyasikia kwa mama lishe, kwa mwalimu wa sekondari, na siku moja kwa muuguzi, jambo lililoniuma zaidi.

Sijui nani alitufundisha kwamba sumu ni moshi. Moshi ni adui mwenye adabu, huanza kwa kupiga hodi. Unawasha macho, unakukohoza, unakutoa nje hata kama hutaki. Kinachoua ni kaboni monoksidi, na hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi popote. Wala isichanganywe na ile hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, mnayoisikia redioni kwenye habari za tabianchi. Majina yanakaribiana, tabia ni mbalimbali.

Umewahi kuutazama ule mwali wa bluu unaochezacheza juu ya jiko lililoanza kushika? Hiyo ndiyo kaboni monoksidi yenyewe, inaungua mbele ya macho yako. Hewa huingia chini ya jiko, ikikutana na mkaa wa moto inageuka kuwa hewa ukaa, na ile hewa ukaa ikipanda kupita katikati ya makaa mekundu inageuka tena kuwa kaboni monoksidi. Mwali ukiwapo, sehemu kubwa ya gesi hiyo huteketea hapo juu. Mwali ukifa, jiko likabaki jekundu, limetulia, linapendeza kuota, gesi inatoka bila kuungua. Na ukilifukia majivu ili lifike alfajiri, unalinyima hewa, linazidi kuitoa. Kwa hiyo mama, ile saa unayoingoja ndiyo uingize jiko hemani, ndiyo saa ambayo ningekuomba ulikimbize mbali.

Tufanye hesabu kidogo. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa zaidi ya gramu 100 za gesi hii. Basi vipande vichache vya mkaa, gramu 50 tu, vinatoa kama gramu 5. Hema la watu wawili lina ujazo wa mita 3 za ujazo hivi. Hewa isipobadilika, hizo gramu 5 zinakupa zaidi ya sehemu 1,400 kwa kila milioni ya hewa. Kwa kiwango hicho mtu anapoteza fahamu ndani ya saa moja au mbili, na akiachwa humo anakufa. Jiko lako nadhani halikuwa na vipande vichache. Waliopona walipona kwa sababu hema lilikuwa linavuja mahali fulani, au jiko lilizimika mapema. Huo ulikuwa upenyo wa bahati, na bahati hiyo haina ratiba.

Sasa sufuria. Nisamehe mama, maana najua uliiweka kwa nia njema na najua umefundishwa na watu wengi, lakini sufuria ya maji hunipandisha presha kuliko kitu chochote. Kaboni monoksidi karibu haiyeyuki kwenye maji. Hata maji yawe baridi sana, na hata ungeifunika sufuria kwa gesi hiyo tupu, lita moja haishiki hata miligramu 50. Kuzimeza gesi za kilo moja ya mkaa ungehitaji zaidi ya lita 2,000 za maji. Hilo ni tangi la kijiji. Sufuria haivuti chochote. Inachofanya ni kumpa mtu ujasiri wa kulala.

Ndugu zake sufuria ni wengi. Kuna kitunguu kilichokatwa na kuwekwa dirishani. Kuna maziwa: mtu ameanguka, hajitambui, watu wanamlazimisha kunywa maziwa "yakate sumu", yanaingia kwenye mapafu, naletewa wagonjwa wawili katika mtu mmoja. Sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni. Kuna wanaosema gesi inakaa chini kwa hiyo lala juu kitandani, na wanaosema inapanda kwa hiyo lala chini. Uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, inatapakaa kote. Halafu kuna mabingwa wa zipu: "acha zipu wazi kidogo." Upepo ukitulia hakuna kinachotoka, na saa nane usiku atakayesikia baridi ataamka aifunge. Wewe usingeifunga?

Umeuliza kama hema halina hewa kuliko nyumba. Turubai la nje la hema la mlimani limepakwa dawa lisipitishe maji, na kinachozuia tone la mvua huzuia pia hewa kupita. Likilowa umande linazidi kufunga. Najua utaniuliza kuhusu nyumba za msonge, kwamba babu zetu walilala na moto katikati, na ng'ombe humo humo. Kweli. Nyumba ile ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko hema, na paa lake la nyasi lilivuja moshi kila upande. Tena macho ya bibi zetu hayakupona ule moshi, kwa hiyo hata huko tusipeleke sifa nyingi.

Sasa nageukia wale waongozaji, maana wengi mnasoma hapa, na kwenu ndiko hasira yangu inakoishia.

Kile kifaa cha kidoleni, oksimita, kinapima rangi ya damu kwa kuangaza mwanga. Damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi kwa kifaa hicho zinafanana. Hakijui tofauti. Gesi hii inashikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, inakalia viti vyote vya basi, na kondakta wenu wa kidoleni anapiga kelele kwamba basi limejaa, tuondoke. Limejaa abiria gani? Mtu anaweza kusoma 96 huku anakufa. Wala msingoje awe mwekundu kama nyanya, dalili hiyo huonekana zaidi kwa maiti.

Ugonjwa wa mwinuko, ndio huo mnaouita wa mlima, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Kihamba cha Marangu kilicho chini ya geti hakifiki mita 2,000. Mtu akilala hapo akaamka na kichwa na kutapika, swali la kwanza ni alilala na nini. Swali la pili, wenzake wa hema moja wakoje? Wawili wakiugua pamoja usiku mmoja, na wa hema la jirani wazima, tafuta jiko. Swali la tatu, akitoka nje na kupata hewa anapata nafuu ndani ya saa chache? Ugonjwa wa mwinuko hauponi kwa kutoka tu mlangoni. Diamox haifanyi lolote hapa, ila inamkojoza mgonjwa na kukupotezea muda.

Na kumchukua mtu wa namna hiyo kwenda kileleni, mita 5,895, ni kumnyang'anya oksijeni mara mbili. Akiwa kwenye hewa ya kawaida, sumu iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa saa 4 au 5. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, inachukua kama saa moja au moja na nusu. Kwa hiyo dawa ni oksijeni, na iko hospitali. Mtoe nje kwanza, wewe mwenyewe ukishika pumzi na usikae humo kumbembeleza, kisha tafuta gari. Mjamzito na mtoto mdogo wapelekwe hata kama wanasema wamepata nafuu.

Mama, wapigie wale vijana simu. Wakiwa bado mlimani na mmoja ana kichwa au anayumba, washuke leo. Wakiwa wameshuka salama, waambie wajiangalie kwa wiki kadhaa: kusahausahau, hasira zisizo na sababu, mikono kutetemeka. Madhara kwenye ubongo huweza kujitokeza baadaye, mtu akidhani yamekwisha.

Msitegemee kwamba mtu atahisi na kuamka. Gesi hii inachukua akili kabla ya miguu. Mwaka 1934 Richard Byrd, mpelelezi wa Marekani, alikuwa amekaa peke yake kwenye kibanda Antaktika, na jiko na jenereta vikawa vinamtia sumu siku baada ya siku. Huyu alikuwa mtu mzoefu kuliko sisi sote. Wenzake wa kambi kuu walishtuka kwa sababu ujumbe wake wa redio ulianza kuja umevurugika. Wale vijana wako wasingekuwa na wa kuwasikia. Kwetu hata anayebahatika kuamka akajikuta miguu haimtii, asubuhi anasimulia amekabwa na jinamizi, na usiku unaofuata anawasha jiko lile lile.

Kuhusu baridi, ardhi ndiyo inayomla mtu usiku kuliko hewa. Tandika majani makavu ya migomba, unene wa shubiri, hema lipigwe juu yake. Wape chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, waifunge kwenye soksi na kuingia nayo kwenye begi la kulalia, itawafikisha hadi alfajiri. Soksi kavu, kofia, na bakuli la mtori kabla ya kulala. Jiko waliote nje mpaka wasinzie, kisha wao waingie na lenyewe libaki nje, mbali na mlango, lisije likateketeza na hema. Kama una chumba cha ziada, walaze humo, bila jiko pia.

Nimesema mengi kuhusu hema lakini hema ni sehemu ndogo ya ninaowapokea. Wapo wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanaolala kwenye hema la jikoni huku majiko ya gesi yamewashwa kwa ajili ya joto, na hapo mkaa haupo kabisa. Walinzi kwenye vibanda vya bati. Mzazi aliyetoka hospitali juzi, mama mkwe amemwekea jiko chumbani ili kichanga kisipate baridi, na dirisha limezibwa na kanga. Mwenye duka aliyeingiza jenereta ndani isiibiwe. Familia ikikutwa imelala moja kwa moja, mtaa mzima unazungumza habari ya kulishwa sumu, au ya jirani mwenye jicho baya, wakati jiko liko pale katikati ya chumba, majivu bado ya vuguvugu, na hakuna anayeliuliza.

Siku hizi imeongezeka mpya. Vijana wanauza mkaa mbadala, ule wa vumbi lililosindikwa, na ni kazi nzuri, unaokoa miti. Lakini mmoja nilimkuta sokoni ameandika ubaoni "hauna moshi, hauna sumu." Nikamuuliza kama yeye analala nao chumbani. Akasema ndiyo, usiku kucha, mlango umefungwa. Nikamwomba namba ya simu ya mkewe.