Re: Punda wangu tumbo limejaa, ni mimba?
Waalaykumu salaam ndugu yangu. Unasema tumbo la punda wako limejaa tangu masika, naye bado anavuta gari la karafuu huko Wete. Tumbo peke yake lisikudanganye. Majani mengi hulijaza, na minyoo vilevile. Tazama kama bado anataka dume. Punda jike hurudi kwenye joto kila baada ya wiki tatu hivi, utamwona anatafunatafuna mdomo mtupu na masikio kayalaza nyuma. Akiacha, ni dalili, ila si hakika. Mwite daktari wa mifugo ampapase kwa ndani.

Farasi hubeba mimba miezi 11 hivi, punda 12, na wengine hufika 14, kwa hiyo usishtuke akichelewa. Kiwele hujaa wiki chache kabla ya kuzaa. Chuchu zikitoa kitu kama nta, kihongwe yu karibu.

Mimi wangu nilimfungia gari hadi mwezi wa mwisho, na mpaka leo linaniuma. Wako mpumzishe miezi mitatu ya mwisho, tafadhali. Na akigoma kula hata siku moja, muite daktari siku hiyo hiyo: mafuta ya mwili huingia kwa wingi kwenye damu, nayo huweza kumuua.