"Inveterate" ni sugu, lakini si kila sugu ni "inveterate"

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi ya ofisi hapa Nakuru. Niliandika barua ya kumpendekeza mwenzangu anayehamia Kisumu, nikamwita "an inveterate accountant", nikimaanisha kwamba amebobea. Meneja alinirudishia barua akiwa amelipigia mstari neno hilo, bila maelezo. Kosa liko wapi, na neno lenyewe hutumiwaje?

Jibu: Marahaba. Neno hilo halisifu ujuzi. Humtaja mtu ambaye tabia fulani imemkolea kwa miaka mingi hata kuiacha hawezi, kwa hiyo barua yako inamfanya mwenzako aonekane kama aliyeshindwa kujinasua kutoka kwenye uhasibu. Andika "an experienced accountant" au "a seasoned accountant". Nadhani kilichokuponza ni "veteran". Maneno haya ni ndugu, yote yakitoka kwa "vetus" ya Kilatini, yaani -a zamani. Ila "veteran" ni mtu aliyezeekea kazini, ilhali "inveterate" hueleza tabia iliyozeeka ndani ya mtu.

Kiswahili kinalo neno linalokaribia sana: sugu. Mwongo sugu ni "an inveterate liar", mvutaji sugu ni "an inveterate smoker". Hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu sugu yetu ni pana kuliko neno hilo. Ugonjwa sugu siku hizi ni "chronic disease". Vitabu vya zamani vya tiba ndivyo vilivyotumia "inveterate" kwa vidonda na maradhi. Malaria sugu kwa dawa ni "drug-resistant malaria". Mhalifu sugu ni "a hardened criminal". Na ukiandika kwamba gugumaji ni tatizo sugu la Ziwa Victoria, Kiingereza chake ni "a persistent problem".

Kabla ya kulitumia, jiulize: je, naweza kuongeza "na ameshindwa kuacha" maana isiharibike? Mcheza kamari, ndiyo. Mhasibu, hapana. Nomino zinazolifaa zaidi ni za watu wanaorudiarudia jambo kwa hiari yao: "gambler", "liar", "traveller", "collector". Vilevile hukaa vizuri na hisia za siku nyingi, kama "inveterate hatred" au "inveterate prejudice". "An inveterate habit" ni sahihi, ingawa kwa tabia yenyewe mimi hupendelea "an ingrained habit".

Si lazima liwe la lawama. "My uncle is an inveterate Gor Mahia supporter" ni utani wa upendo, na "an inveterate reader" karibu ni sifa. Ukitaka kulaumu kwa uzito, kwamba mtu haonyeki wala harekebishiki, sema "incorrigible". "Compulsive gambler" nayo hudokeza msukumo asioweza kuudhibiti, na hapo unagusa mambo ya afya ya akili, kwa hiyo usiitumie ovyo kwa jirani anayebeti kila Jumamosi.

Kisarufi, liweke mbele ya nomino. "He is inveterate" peke yake huning'inia, msomaji akibaki akingoja: sugu wa nini? "He is inveterate in lying" pia haifai. Sema "He is an inveterate liar". Kumbuka ni "an", si "a".

Katika kutamka, mkazo uko kwenye silabi ya pili: in-VE-ta-rit. Mwisho usiuvute ukawa "reit" kama wa kitenzi "demonstrate". Uufupishe kama wa "accurate". Tahajia ina e mbili kabla ya a, na ile ya kabla ya r ndiyo hudondoshwa, likawa "invetrate". Ukiongeza r mapema na b baadaye unapata "invertebrate", yaani mnyama asiye na uti wa mgongo, na kompyuta haitakusahihisha kwa sababu hilo nalo ni neno halali.