Kwa nini wanapima mishipa ya mapaja wakati mbovu ni vali ya moyo

Pole na mama, dada. Umeuliza kwa nini kapigwa picha za CT za nyonga na mapaja ilhali kinachobadilishwa ni vali ya aota, yaani mlango wa damu inayotoka moyoni kuingia mshipa mkuu. Ni kwa sababu vali mpya inapita humo: inaingia ikiwa imebanwa kwenye katheta (mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), kupitia ateri ya kinenani. Mrija wa kuipitishia ni mnene. Ya mwanzo ilikuwa na kipenyo cha ndani cha milimita 7 hadi 8. Mingi ya leo ni kama 5. Ateri ikiwa nyembamba, imepindapinda au imejaa chokaa, inaweza kuchanika, na hapo ndipo damu nyingi hupotea.

Hali imekuwa nafuu sana. Utafiti wa PARTNER wa 2011 ulikuta madhara makubwa ya mishipa kwa 11% ya waliowekewa vali kwa katheta. PARTNER 3 wa 2019 ulikuta 2.2%, ingawa wagonjwa wake hawakuwa hoi kama wale wa kwanza.

Muulize daktari ateri ina milimita ngapi, na kama haifai watapitia wapi.

Akishawekewa vali, angalieni kinena: uvimbe unaokua, au mguu kuwa wa baridi na ganzi. Ninachokiogopa zaidi ni damu kuvujia ndani, nyuma ya tumbo. Nje huoni kitu, mgonjwa analalamika kiuno au ubavu, anatoka jasho, presha inashuka. Mwiteni nesi papo hapo, msingoje raundi ya asubuhi.