Leseni, daraja na beji: yanayowakwamisha waelekezi wapya wa watalii Kenya

Wanaoanza kazi hii wengi hudhani kadi ya chama cha waelekezi ndiyo leseni. Sivyo. Leseni ya mwelekezi wa watalii hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA) chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na bila hiyo unavunja sheria hata kama unamjua kila ndege wa Ziwa Nakuru kwa jina. Daraja la shaba, fedha au dhahabu hutolewa na chama cha waelekezi, KPSGA, kwa mtihani. Serikali itakudai leseni, na kampuni zinazojali wageni wao zitakuuliza daraja.

Anza na cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, DCI, kwa sababu ndicho kinachochelewa kuliko vyote. Omba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lipa shilingi 1,050, kisha chapisha fomu ya alama za vidole, C24, pande mbili za karatasi moja. Ukileta karatasi mbili, utarudishwa. Alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na wanaofanya kazi za gereji au shamba hukwama hapo: ngozi imechakaa, mistari haisomeki. Pumzisha mikono siku chache kabla, na siku yenyewe nawa kwa sabuni kisha kausha mikono vizuri, maana jasho huharibu wino.

Tatizo jingine ni majina. Kitambulisho kina matatu, cheti cha chuo kina mawili, cha huduma ya kwanza kimekosewa herufi. Karani hana njia ya kujua kwamba ni mtu yuleyule. Sahihisha mapema kule cheti kilikotoka, ndipo upeleke ombi lako TRA pamoja na cheti cha mwenendo mwema, nakala ya kitambulisho, picha, cheti cha mafunzo na cha huduma ya kwanza.

Kama utaendesha gari mwenyewe, hayo hayatoshi. Kwa vani ya abiria unahitaji leseni ya udereva ya daraja D1 na beji ya PSV, yaani ya magari ya abiria, zote za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Polisi akikusimamisha Mai Mahiu, kadi ya shaba haitakusaidia chochote. Kila karatasi ina tarehe yake ya kuisha, kwa hiyo ziandike zote mahali pamoja na uanze kuzihuisha miezi miwili kabla. Usingoje Julai nyumbu wakishaingia hifadhi ya Maasai Mara, wakati kila kampuni inatafuta watu na wewe uko kwenye foleni.

Mtihani wa shaba huwaangusha waliosoma simba na tembo peke yao. Huulizwa pia miti, wadudu, wanyama watambaao, jiografia, historia na mfumo wa serikali. Na wanyama wenyewe wajue kwa alama, si kwa majina tu: punda milia wa Grevy ana mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo, mbuni wa Kisomali dume ana shingo na miguu ya samawati-kijivu, wa Kimasai ana ya waridi. Picha za simu hazitoshi kwa hili. Bora ushinde hifadhi ya Samburu na darubini. Ukipata shaba, daraja la fedha huliombi mwaka unaofuata. Sharti ukae na shaba miaka 3 kwanza.

Leseni hupatikana ofisini lakini hupotezwa porini. Maasai Mara iko chini ya kaunti ya Narok, si KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na ina kanuni zake: magari yasizidi 5 kwa mnyama mmoja, umbali usipungue mita 25, na usitoke njiani. Shida huanzia kwenye redio ya gari. Mmoja akitangaza chui, wote wanakimbilia, na mgeni naye ameahidi bahshishi nono ukimsogeza karibu. Mwambie kanuni hizi asubuhi kabla ya kuondoka lodge. Ukizitaja chui akiwa tayari mbele yenu, mgeni ataona unatafuta visingizio.

Na leseni ya Kenya haivuki mpaka. Wageni wanaoendelea Serengeti au Ngorongoro hubadilishiwa gari na mwelekezi mpakani, Namanga au Isebania, kwa hiyo panga saa za makabidhiano na mwenzako wa Tanzania tangu siku ya kwanza ya safari. Njia ya Mara kwenda Serengeti kupitia Bologonja haitumiki na watalii, hata ukiiona kwenye ramani.