Kabla ya Kutoa Alama: Ushauri kwa Anayeketi Kwenye Meza ya Majaji

Mtu anapoalikwa kwa mara ya kwanza kuwa jaji wa kazi za ubunifu, yawe mavazi, michoro au picha, jambo linalomtia wasiwasi huwa ni kama ana ujuzi wa kutosha. Kwa uzoefu wangu wa kuketi kwenye majopo ya namna hiyo, ujuzi ni tatizo dogo, kwa kuwa waandaaji hawana desturi ya kumwita mtu asiyejua lolote. Tatizo kubwa ni haraka. Jaji anaitazama kazi, moyo unaipenda au unaikataa papo hapo, kisha akili inabaki na kibarua cha kutafuta sababu za kuutetea uamuzi uliokwisha kupita. Ndiyo maana ushauri wangu wote umejengwa juu ya jambo moja: kabla hujauliza kama kazi ni nzuri, jua kwanza imejitwika jukumu gani, na uweze kuieleza kama ilivyo.

Mashindano ya mavazi ya televisheni yanamrahisishia jaji sehemu ya kwanza, kwa sababu jukumu hutangazwa mapema na kila mshindani hupewa agizo lile lile. Kipindi cha Marekani cha Project Runway, kilichoanza kuonyeshwa Desemba 2004, kilifungua msimu wake wa kwanza kwa kuwapeleka wabunifu supamaketi na kuwataka watengeneze vazi kwa vitu watakavyonunua humo. Aliyeshinda, Austin Scarlett, alitengeneza gauni la maganda ya mahindi. Ukilipima gauni lile kwa vigezo vya duka la nguo, utasema halifuliki, halidumu, na hakuna mtu atakayelivaa mara ya pili. Hoja hizo zote ni za kweli, na hakuna hata moja inayohusika. Agizo lilitaka kuona kama mbunifu anaweza kukitazama kitu cha jikoni na kukiona kitambaa ndani yake, na hapo ndipo kazi ilipostahili kupimwa.

Lakini televisheni ina tabia zake, na jaji anayejifunza kutoka kwenye skrini huzichukua pamoja na mema yake. Kipindi kinahitaji mtu wa kuondoka kila wiki, kwa hiyo kosa dogo hukuzwa ili lifanane na adhabu. Kinahitaji pia visa vya washindani, machozi yao na ugomvi wao, hadi mtazamaji anashindwa kutenganisha gauni na aliyelishona. Zaidi ya yote, kamera hulionyesha vazi kutoka mbele, likiwa mbali, likitembea chini ya taa zilizopangwa kwa ajili yake.

Nakumbuka gauni moja la kijani ambalo ukumbi mzima ulilishangilia. Lilikuwa likicheza na hatua za mwanamitindo kwa namna ya kupendeza sana. Niliomba lisogezwe mezani na kugeuzwa ndani nje, na hapo tukaona kwamba bitana ilikuwa fupi kuliko kitambaa cha juu, hivyo ilikuwa ikikivuta na kukikunja kandokando ya zipu, na pindo lilikuwa limegandishwa kwa gundi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Baada yake lilikuja gauni jeusi lisilopigiwa makofi. Kingo zote za mishono yake zilikuwa zimefunikwa kwa ukanda mwembamba wa kitambaa kile kile, mmoja mmoja, na mikono yake ilikuwa imekatwa kwa hesabu, kiasi kwamba mvaaji alipoinua mikono juu gauni lilibaki mahali pake kiunoni. Tangu hapo, kila ninapoalikwa, huomba mambo matatu: mvaaji aketi, ainue mikono, na nguo igeuzwe. Yanachukua dakika chache tu, na yanaonyesha mengi ambayo mwendo wa jukwaani huyaficha. Niongeze, hata hivyo, kwamba kama agizo lingekuwa vazi la onyesho la usiku mmoja, gundi isingekuwa dhambi hata kidogo. Shindano lile liliomba nguo ya kuvaliwa miaka, na kwa jukumu hilo gauni la kijani lilikuwa limeshindwa.

Kwenye sanaa ya kisasa hakuna anayekukabidhi agizo. Kazi huja na swali lake yenyewe, na mara nyingi swali hilo halijaandikwa popote. Mwaka 1917 mjini New York, Chama cha Wasanii Huru kiliandaa maonyesho yasiyo na majaji wala zawadi, ambapo msanii yeyote aliyelipa dola 6 angepewa nafasi. Msanii Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka chombo cha kauri cha kukojolea, kilichonunuliwa dukani na kutiwa saini ya jina la kubuni, R. Mutt. Wakurugenzi wa chama, ambao Duchamp alikuwa mmoja wao, walikutana na kuamua kwamba kitu kile kisionyeshwe, naye akajiuzulu. Tazama lilivyokuwa: watu walioapa kutohukumu walihukumu, kwa sababu waliulizwa swali ambalo kanuni zao hazikulitarajia, yaani kama kuchagua tu kunaweza kuwa tendo la msanii. Mwaka 2004 wataalamu 500 wa sanaa nchini Uingereza walipoulizwa, waliitaja kazi hiyo kuwa yenye ushawishi mkubwa kuliko zote za sanaa ya kisasa.

Kisa hiki hutumiwa vibaya na wasanii wanaoamini kwamba kukataliwa ni ushahidi wa kipaji. Siyo. Mwaka 1863 mjini Paris, Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, aliruhusu kazi zilizokataliwa na jopo la Salon, yaani maonyesho rasmi ya sanaa ya nchi hiyo, zionyeshwe mahali pake pa pekee, na humo alikuwemo mchoraji Manet na mchoro wake uliozua kelele nyingi. Tunamkumbuka Manet na wachache wengine, lakini wengi ambao kazi zao zilining'inizwa kando ya hizo wamesahauliwa, na yumkini majaji hawakukosea kuwakataa. Jaji asiogope kukataa. Aogope kukataa kabla ya kujua alichoulizwa.

Njia niliyoiona ikifanya kazi ya kulipata swali hilo ni kuandika maelezo ya kile kilichopo bila neno hata moja la sifa au lawama. Chukua kazi za El Anatsui, msanii wa Ghana aliyetunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa mchango wa maisha yake katika Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa nchini Italia, mwaka 2015. Anayesema "pazia zuri la kung'aa" amekwisha kufika mwisho wa safari yake. Anayeeleza kilichopo atalazimika kuandika kwamba ni maelfu ya vipande vya vifuniko na shingo za chupa za pombe, vilivyobondwa na kuunganishwa kwa waya wa shaba. Kwamba kitu cha chuma kinalala kama kitambaa. Kwamba kazi haina umbo moja, kwa sababu wanaoining'iniza huamua mikunjo yake upya. Maelezo hayo huzaa maswali yenyewe. Kwa nini pombe, na historia gani ya biashara kati ya Ulaya na Afrika imo ndani ya vifuniko hivyo? Je, kazi ingepoteza nini kama ingetengenezwa kwa bati jipya? Kwangu hilo la mwisho ndilo swali kali kuliko yote, na nimeliuliza mbele ya kazi nyingi ambazo jibu lake lilikuwa "hakuna kitakachopotea."

Bei iwekwe mbali na meza. Ndizi ya msanii wa Italia Maurizio Cattelan, iliyobandikwa ukutani kwa utepe, iliuzwa dola milioni 6.2 mwaka 2024, na kiasi hicho kinatueleza habari za wanunuzi.

Majina nayo yafichwe inapowezekana. Mnamo 1981, michoro 1,421 ya mnara wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam mjini Washington iliwafikia majaji ikiwa na namba tu, na namba 1026 iliyoshinda ikawa ya Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21. Vilevile, zingatia mpangilio. Uchunguzi wa mashindano ya muziki ya Queen Elisabeth nchini Ubelgiji ulionyesha kwamba wanaopiga siku za mwisho huelekea kupata nafasi bora, ilhali ratiba hupangwa kwa kura. Mimi hurudi kuzitazama upya kazi za mwanzo baada ya kuona zote, na huandika alama kwa penseli mpaka hapo.

Na ladha yako? Iseme waziwazi, tena mwishoni. "Sipendi rangi hizi, lakini zimefanya kazi iliyokusudiwa" ni sentensi ambayo mshindani anaweza kuitumia, na majaji wenzako wanaweza kuipima.

Limebaki jambo la hesabu. Majopo mengi hujumlisha alama na kugawanya, na wastani huo huipendelea kazi isiyomkera mtu. Kazi iliyopewa 9 na jaji mmoja na 2 na mwingine hupata 5.5, ikashindwa na ile ambayo wote wawili waliipa 6 bila kuijadili. Kwa hiyo, kabla hesabu haijafanywa, naomba kila jaji apewe haki ya kuiteua kazi moja ambayo lazima izungumzwe mezani, hata kama alama zake ziko chini, na aliyeipa alama ya chini kabisa ndiye aanze kwa kueleza alichokiona.